Mashine Imesema ni Safi

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, maana najua ukifungua tu bahasha hii utasema shikamoo hata kama hakuna mtu chumbani. Mimi mzima, meno yote yapo isipokuwa lile unalolijua. Paa linavuja pale pale juu ya kitanda changu. Nimehamisha kitanda, na tone nalo limehama. Paka wa jirani kazalia kwenye sanduku langu la pasi mbovu, watoto wanne, wote wana sura ya kudai kodi. Mama yako hajambo. Amepungua kidogo, lakini anasema nguo zake za ujana sasa zinamwingia, kwa hiyo tumepata nguo bila kwenda dukani. Anakusalimu. Angeandika mwenyewe ila ana kazi.

Sasa sikia. Kuna shule ilikuwa inasafisha stoo, mimi nikaenda kufuata vyuma chakavu, unanijua. Chini ya madawati yaliyovunjika nikaona shingo inanichungulia. Nikadhani ni mashine ya kukamulia machungwa. Mwalimu akasema, "Hiyo hadubini, ya kuonea vitu vidogo." Nikamwambia, "Basi niachie, nikaitafute akili yangu." Alicheka mpaka akanipa na kopo zima la vile vioo vyake vyembamba vya kuwekea kitu. Lenzi mbili zimepasuka, moja nzima. Kile kioo cha chini cha kukamatia jua kipo.

Unajua nauza sabuni pale mlangoni mwa soko. Shida ya sabuni ni kwamba kila mtu anajiona msafi. Sasa namwambia mtu lete kidole, namkwangua uchafu wa kucha, naweka chini ya lenzi, namwambia chungulia. Anaona magogo, manyoya, matope, sijui nini na nini. Namwambia, "Hao ndio bakteria, na asubuhi umekunywa nao chai." Anaondoka na mche mzima, wengine miwili.

Tatizo ni maswali. Fundi cherehani wa kibanda cha pili, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake, kaniuliza mbele za watu: "Huyo bakteria ana moyo? Ana mguu? Anazaaje?" Nikamwambia anazaa kama wewe, bila mpango. Watu wakacheka, nikaokoka. Lakini siwezi kuokoka kila siku. Wewe ndiye mtu wa maabara. Niandikie seli ni nini, ndani kuna nini, na bakteria ni nani. Andika kwa lugha ya mtu aliyeacha shule kabla hajajua kugawanya.

Mimi mjomba wako, mwenye mashine

27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nina homa. Yeye ameposwa, tangu hapo anaimba hata akipiga mswaki. Mimi mzima. Kazi ni ile ile.

Kwanza, ulichowaonyesha si bakteria. Ni vumbi, nyuzi za nguo na ngozi iliyokufa. Uza sabuni, Mjomba, lakini usiwadanganye watu.

Fanya hivi. Menya kitunguu, ndani utakuta ngozi nyembamba kama karatasi. Kata kipande, weka kwenye kioo, tia tone la iodini, ile dawa ya vidonda. Utaona matofali yamepangwa. Kila tofali ni seli, na hizo kuta unazoziona ni ukuta wa seli. Kila moja ina kidoa: hicho ni kiini, humo ndimo yanamotunzwa maagizo yote ya namna seli itakavyoishi na kujigawa. Katikati kuna mfuko wa maji, vakuoli, ndio unaofanya mboga isinyauke. Kwenye jani bichi utaona na punje za kijani, kloroplasti, zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Kisha kwangua ndani ya shavu lako kwa kijiti safi. Hizo ni seli za mnyama. Zimekaa ovyo kama vitambaa vilivyotupwa, kwa sababu hazina ukuta, zina utando tu. Kiini kipo. Mitokondria zipo pia, hizo ndizo zinazotoa nguvu, ila kwa mashine yako hutaziona.

Bakteria yeye ni seli moja tu, na hana kiini. Maagizo yake yanaelea humo humo ndani. Hana mitokondria wala kloroplasti. Ukuta anao. Kuzaa kwake ni kujikata vipande viwili, basi.

Nimefurahi umeniuliza. Siku hizi hakuna anayeniuliza vitu hivi.

Mbona Mama haandiki? Hii barua ya tatu mkono ni wako. Na amepungua kwa nini?

Mpwa wako

15 Machi

Mpwa wangu, mwalimu wangu,

Salamu nyingi. Mtoto mmoja wa paka kapewa fundi cherehani, amempa jina langu ili apate wa kumfokea. Paa bado. Mama yako anakusalimu, kasema nikuulize kama unakula.

Sasa sokoni mimi ni mtu mkubwa! Nimelifanya somo lako kuwa nyumba. Nawaambia: seli ni nyumba. Utando ni mlango na bawabu wake, huingii bila kujieleza. Kiini ni mwenye nyumba, anakaa chumbani kwake na karatasi zote za ukoo. Mitokondria ndilo jiko. Sasa mmea ni tajiri: kajenga ukuta wa nje, ana tangi la maji katikati, na chakula anakipika kwa jua, hanunui mkaa. Mnyama ni mpangaji, hana ukuta, hana jiko la jua, lazima ale cha mwenzake. Na bakteria ana chumba kimoja! Karatasi za ukoo kazimwaga sakafuni, jiko hana, anakula na kuzaa hapo hapo.

Fundi cherehani akadakia, "Huyo bakteria si ndiye wewe!"

Nikamwambia, "Mimi bado sijajikata mara mbili. Nikijikata, mtapata taabu ya wawili."

Wakacheka mpaka muuza mboga akamwaga bilauri ya chai. Sabuni ziliisha kabla ya adhuhuri.

Sasa wananiita Daktari. Seremala kaleta usaha wa kidole. Muuza mboga kaleta jani lenye madoa. Wote nawatazamia. Na kuna mtu mmoja, wa karibu karibu hapa, kifua kimemshika tangu mvua zilipoanza. Hospitali hataki hata kuisikia. Akaniambia, "Hebu nitazamie na mimi." Katema kwenye kioo, nimetazama mpaka shingo ikauma. Nimeona vile vitambaa vya mashavu ulivyonifundisha, na viini vyake. Mdudu hakuna. Nikamwambia, safi. Ungeona alivyoshusha pumzi! Siku hiyo alikula sahani mbili.

Kwa hiyo elimu yako inaponya watu huku, wala usidhani unapoteza wino.

Mjomba

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mtu huyo ni nani?

Sikiliza vizuri. Mashine yako inaweza kuona seli ya kitunguu na ya shavu kwa sababu ni kubwa. Bakteria wa kifua kikuu ni mdogo mno kwa seli hizo, ni kama punje ya mchele kwenye sinia. Tena hana rangi, na ukuta wake una nta, rangi ya kawaida haishiki. Sisi tunampaka rangi kwa moto, tunaosha kwa asidi, tunatazama kwa lenzi yenye tone la mafuta inayokuza mara kumi kuliko yako. Wewe hukuona kitu kwa sababu hukuweza kuona kitu. Usiseme ni safi.

Mtu anayekohoa tangu mvua zianze apelekwe hospitali, leo.

Nimekuuliza habari za Mama, hukunijibu. Nakuuliza tena. Ni Mama?

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Posta haina kosa. Barua yako ilinifikia siku ya nane.

Tunaendelea. Paa nimeliziba kwa bati la kopo la mafuta, sasa halinivujii, linapiga ngoma. Seremala kidole kimepona chenyewe, anasema ni mimi niliyemponya, na mimi sikumkatalia. Fundi cherehani kapata wajukuu mapacha, kila anayepita ananiambia eti bwana mmoja kajikata mara mbili kweli. Sabuni ya manjano imeadimika.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na vichekesho mpaka mwisho, nikazichana.

Ni mama yako.

Si hivyo tu. Nimemtazamia mara tatu. Ile ya kwanza nilikueleza. Ya pili ilikuwa baada ya barua yako. Ndiyo, baada. Alikuja na kioo mkononi, ameshatema, ameshakaa kwenye kigoda. Nikajua natakiwa kusema sijui. Nikamtazama alivyokaa, mabega yametokeza kama ndoano za nguo, nikasema, "Dada, safi kama maji ya bomba." Ya tatu hata sikukaza jicho.

Sasa anatoka jasho mpaka shuka inakamuliwa. Mchana analala. Juzi kitambaa chake kilikuwa na damu, akasema ni fizi.

Nimemwambia twende hospitali. Ananijibu, "Ya nini? Mdogo wangu ameshaona, ni safi." Majirani nao anawaambia hivyo hivyo. Nikamwambia, dada, mimi sijui kitu, mimi muuza sabuni, mashine yenyewe nimeitoa chini ya madawati. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wewe nawe, huachi mzaha." Maisha yangu yote nimewachekesha watu, leo nasema kweli na yeye anashika mbavu.

Njoo, mpwa wangu. Wewe atakusikia. Mimi kinywa changu kimeharibika.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji, atakukabidhi mkononi. Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa. Nikiondoka bila ruhusa kazi imekwisha. Sababu nitakuambia, na msomee Mama neno kwa neno, usiongeze utani wako.

Huku kila kioo tunachosoma kinatunzwa kwenye sanduku. Baada ya miezi kadhaa mtu mwingine anakisoma upya, bila kujua wa kwanza aliandika nini. Ukitaka kuandika "hakuna", ni lazima uwe umesogeza kioo na kutazama sehemu mia moja. Mwaka jana kulikuwa na mpishi mmoja wa shule, mama wa watoto watatu. Kioo chake kilikuwa cha mwisho siku hiyo, macho yalikuwa yananiuma, mwenzangu ananisubiri nje. Nilitazama sehemu ishirini. Nikaandika "hakuna". Akarudi nyumbani, akaendelea kukohoa na kulala na wanawe chumba kimoja. Alirudi hospitali baada ya miezi minne amebebwa kwenye kiti. Hakutoka.

Msomaji wa pili alipokitazama, bakteria walikuwepo, wengi, sehemu ya ishirini na tano tu.

Tangu Januari nimeondolewa kwenye hadubini. Naosha chupa, na nasubiri kikao kitakachoamua kama nitarudi. Barua yako ya hadubini ilinikuta mikono iko kwenye sabuni. Nikakufundisha habari za seli kama vile bado ni kazi yangu. Ningekuambia ukweli mwezi Februari, labda ungeogopa lile neno safi kama ninavyoliogopa mimi.

Ndani ya kitambaa nilichofungia barua hii kuna kioo. Ni cha kufundishia wanafunzi, kimepitishwa motoni na kupakwa rangi, hakiambukizi. Mkuu wangu amenipa, nilipomwambia ni cha nini hakuuliza zaidi. Kina bakteria wa kifua kikuu, maelfu. Kiweke kwenye mashine yako. Mwite Mama achungulie, umuulize ameona nini. Kisha msomee barua hii.

Mwanawe, mpwa wako

24 Juni

Mpwa wangu,

Salamu za nyumbani utazipata mwisho, leo naanza na jambo lenyewe.

Dereva alifika Jumanne, saruji mpaka kwenye nyusi. Nilitoa mashine uani, nikakamata jua. Nikatazama kwanza mimi. Nikaona buluu, buluu, na vitambaa vya mashavu. Nikasogeza kioo taratibu, ukingo huu mpaka ule. Maelfu unasema. Mimi nimehesabu sifuri.

Nikamwita. Akaja ameshika ukuta. Akachungulia.

"Waonaje, dada?"

"Pazuri. Kama kitambaa cha kanga mpya."

"Mdudu yupo?"

"Hakuna. Ni cha nani?"

"Soma mwenyewe," nikasema, nikampa barua yako. Sikumsomea, maana sauti yangu ingetia chumvi. Alisoma polepole, akirudi nyuma kwenye yale ya mpishi. Pale ulipoandika "Hakutoka", alipitisha kidole kwenye wino kama anafuta vumbi. Kisha akachungulia tena kwenye mashine, kwa muda mrefu.

"Wamo humu?"

"Wamo."

"Na kwangu uliona hivi hivi?"

"Hivi hivi, dada. Mara ya tatu hata sikutazama."

Nilingoja kofi. Akasema, "Niletee viatu."

Hospitali tulitoa makohozi siku mbili, yale ya kifuani hasa ya asubuhi. Kumbe siku zote alikuwa ananipa mate tu. Nilisimama dirishani kwa msomaji wa maabara, kijana wa kike mwenye miwani, nikamhesabia kila anaposogeza kioo cha mama yako. Nilikuwa namwombea afike mia, mpwa wangu. Nilimhesabia kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilipofika ya sita akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena, akaandika. Hakuhitaji kuendelea.

Amelazwa wadi ya mwisho, yenye madirisha mengi. Dawa ameanza, ni za miezi mingi bila kuruka siku. Pafu la kushoto, daktari anasema, limeliwa sana. Kama angekuja Machi. Hilo alilisema akageukia kitanda cha pili. Na mimi nimepimwa, sijaambukizwa, sijui kwa nini.

Jana nilipanda kwenye kreti langu la sabuni pale sokoni, nikatangaza: wote niliowaambia safi, sikuona kitu, mashine hii haioni ugonjwa, nendeni hospitali. Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Daktari leo ana mpya!" Fundi cherehani peke yake hakucheka. Aliweka mkasi chini, akaja akasimama karibu na kreti, akawapigia kelele: "Nyamazeni! Hamumwoni anavyolia?" Hapo ndipo nami nikajua nalia. Wanne wamekwenda kupimwa leo asubuhi. Muuza mboga mmojawapo.

Sasa mama yako anataka kuandika, ila kalamu nashika mimi. Kaapa atakagua kila neno.

Mwanangu,

Barua yako nimeilalia chini ya mto. Kwenye kikao chako sema hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, sehemu ishirini, usipunguze wala usijitetee kwa macho kuuma. Wakikufukuza, una kwenu. Wakikurudisha, hesabu mpaka mia kila siku ya maisha yako.

Mjomba wako haachi kunitazama kama mtu aliyevunja sahani ya wageni. Andika, wewe, andika kama nilivyosema. Amekataa kuandika, nimemwambia nitaamka nikaandike mwenyewe.

Mwanangu, mimi nilijua hajui. Nimemlea, nimemfuta kamasi, nitashindwaje kumjua? Bibi yako alikohoa vile vile, damu ile ile kwenye kitambaa, nami ndiye niliyekifua. Tangu siku ya kwanza nilijua nina nini. Ndiyo maana sikwenda kwa mtu mwenye miwani, ambaye angeniambia. Nilitema mate kwenye kioo cha mtu mmoja duniani ambaye nilikuwa na hakika atasema safi.

Mama yako